Gari la Kumvuta Mgeni

Jumatatu, 2 Machi

Mhandisi wa mabwawa amenipigia simu nikiwa naanika nguo. Kazi nimepata. Mabwawa matatu, kila bwawa mara moja kwa wiki, tangu mvua zianze hadi ziishe. Nitachukua sampuli za maji ya juu na ya chini, nitapima joto, nitashusha ile sahani yangu ya rangi mbili, nyeupe na nyeusi, na kuandika kina inakopotelea machoni, kujua maji yana tope kiasi gani. Ni kazi ninayoijua kama kufunga kanga. Tangu nitoke ofisi ya maji kwa ugomvi (siujutii ugomvi, najutia maneno mawili matatu tu), nimekuwa mtu wa kuzunguka nyumba na kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Sharti ni moja. Boti na gari viwe vyangu, si vya kuazima. Mwaka jana kazi hii alipewa bwana mmoja mwenye gari la rafiki, na mvua kubwa ilipopiga, gari lilikuwa limekwenda harusini. Mhandisi alisema, "Tarehe kumi na moja Aprili nakuja bwawa la juu. Nikukute majini. Nisipokukuta nampa mwingine, na tusilaumiane."

Boti ninayo. Niliinunua kwenye mnada wa hoteli iliyofungwa, nayo iko uani juu ya tela lake, imefunikwa turubai. Mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi, anaiita Mgeni. Kila akijikwaruza kwenye tela akienda bombani husema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hata ufagio hajaushika."

Gari ndilo sina. Kiinua mgongo changu kinatosha gari moja, tena si jipya, kwa hiyo nikikosea nimekosea.

Jumanne, 3 Machi

Nimekunywa chai nikiwa nimesimama. Mawingu yamekuja, yakaangalia, yakaondoka.

Ijumaa, 6 Machi

Mume wangu ni mwalimu wa udereva. Nusu ya wanaoendesha magari mjini hapa amewafundisha yeye, na mimi mmoja wao. Nilifeli mtihani mara mbili, na hadi leo namshuku kwamba hakutaka nifaulu haraka. Akiwa na furaha bado ananiita mwanafunzi wangu, nami namwita Mwalimu, hata mbele ya mama yake.

Nilipomwambia natafuta gari la kuvuta boti, alishangaa kana kwamba nimesema natafuta mume. Kobe si yupo? Kobe ni kigari chake cha kufundishia, kidogo, cheupe, chenye kibao juu ya paa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine kwenye sakafu mbele ya kiti cha mwalimu. Anasema Kobe ameshavuta mengi. Nikamuuliza mengi yapi. Akasema nisubiri Jumapili.

Jumapili, 8 Machi

Tumekwenda bwawa la chini, lililo karibu kuliko yote. Mwalimu aliendesha mwenyewe, anapiga mluzi, na kwa haki yake lazima niseme kwamba barabarani Kobe alivuta vizuri. Kuteremsha boti majini hakukuwa na shida. Mimi nikazunguka kidogo kwa makasia, nikajaribu sahani, moyo ukatulia kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita.

Shida ilikuja wakati wa kuitoa. Pale kwenye njia ya zege inayoingia majini, boti ikiwa imepanda telani na kudondosha maji, Kobe alitia gia ya kwanza, akanguruma, na matairi ya mbele yakazunguka pale pale yakitoa moshi. Ukishatundika mzigo mkiani, pua inakuwa nyepesi, na Kobe anavutia puani. Mtoto wa darasa la sita angeliona. Vijana waliokuwa wakiosha pikipiki walikuja kutusukuma, mmoja akauliza kama boti ndiyo inayojifunza kuendesha, maana kibao kilikuwa bado juu ya paa.

Mwalimu alisema matairi yamechoka. Nikamweleza habari ya mzigo na pua. Akaniuliza kati yetu ni nani anayefundisha magari. Nikanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu, na ndiyo maana naandika.

Jumatano, 11 Machi

Upepo mtupu. Nimelikagua turubai mara tatu. Mama mkwe, ninayemwita Mama, akaniuliza kama nina homa.

Alhamisi, 12 Machi

Shemeji amekuja, mdogo wake Mwalimu, yule mwenye duka la saruji na gari kubwa jeusi linalokanyaga kwa magurudumu yote manne. Habari alishazipata, bila shaka kwa Mama. Alikaa kwenye kochi kama mtu aliyekuja kupokea shukrani, akasema, "Shemeji, unahangaika nini na mimi nipo? Gari langu si letu sote?"

Mwalimu alifurahi mno. Ndugu ni ndugu, alisema, akanimiminia chai kana kwamba mambo yamekwisha. Nilipouliza nani ataendesha, Shemeji alicheka. Gari lile haliguswi na mtu mwingine, hata mkewe.

Jumamosi, 14 Machi

Gari la Shemeji linavuta boti kama mtu anayevuta uzi kwenye nguo. Siwezi kusema uongo, nililitamani. Lina uzito, lina nguvu, limepanda ile njia ya zege bila hata kukohoa.

Lakini tulitoka asubuhi, tukafika bwawani mchana. Njiani alisimama kumsalimia mteja. Akasimama kumkumbusha mteja mwingine. Akasimama sokoni, akaniacha na Mgeni katikati ya watu, wakawa wananiuliza boti inauzwa kiasi gani na kama inabeba nyanya. Mchana upepo unakoroga maji na kipimo hakifai kitu. Nikamweleza. Akaniambia, "Maji yapo tu, shemeji, hayakimbii."

Na hata angekuwa anawahi, Mhandisi amesema si la kuazima. Nilimkumbusha Mwalimu hilo. Anaona Mhandisi hatajua.

Jumatatu, 16 Machi

Matone kumi, labda kumi na mbili. Mama ameanua nguo, akazianika tena.

Jumatano, 18 Machi

Nimeona pikapu. Ni ya daktari wa mifugo anayestaafu na kuhamia kwa binti yake. Ya zamani, rangi yake ilikuwa kijani, sasa ni suala la mjadala. Viti viwili tu mbele, na harufu ya ndama ambayo daktari anasema itatoka, ila macho yake hayakusema hivyo. Lakini inavutia nyuma, na ukitaka inavuta kwa magurudumu yote. Ina gia fupi ya milimani, na chuma cha kuvutia tela kimechomelewa kwenye fremu yenyewe, maana miaka yote alikuwa akivuta tela la ndama. Ni nzito kuliko Mgeni na tela lake vikiwa pamoja, mara mbili na zaidi.

Mwalimu aliizunguka. Akapiga teke tairi. Akasikiliza injini, akakubali kwa kichwa. Kisha akafungua mlango wa abiria, akainama, akaangalia sakafu kwa muda mrefu. Pale palikuwa na kapeti la mpira na nyasi kavu, hakuna kingine. Akafunga mlango polepole.

"Hapana," alisema.

Nilimuuliza hapana ya nini. Akasema ni kuukuu. Njiani akasema vipuri havipatikani. Tulipofika nyumbani ilikuwa ni harufu.

Alhamisi, 19 Machi

Tumegombana. Si ugomvi wa kuvunja vyombo, ni ule mbaya zaidi, wa kuongea taratibu. Anasema niende na Shemeji msimu huu, mwaka ujao tutaona. Nilimwambia mwaka ujao kazi itakuwa ya mtu mwingine, nami nitakuwa hapa hapa napanga vikombe. Akasema barabara za mabwawani ni mbaya, mvua ikinyesha ni tope, mimi sijawahi kuvuta kitu mteremkoni. Nikasema basi nifundishe, si ndiyo kazi yako. Akaniangalia, akatoka nje kwenda kumfuta Kobe vumbi.

Nina miaka arobaini na minne na ninaomba ruhusa ya gari. Nimeandika sentensi hii ili niione jinsi inavyochukiza.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Mvua yenyewe sasa, ya kuziba masikio. Mhandisi ametuma ujumbe kwamba anataka sampuli za kwanza kabla ya Jumatatu. Shemeji ameapa kuja kesho alfajiri.

Jumamosi, 21 Machi

Niandike yote, kwa mpangilio.

Alfajiri hakuja mtu. Saa mbili Shemeji alipiga simu, kuna mteja wa mifuko mia ya saruji, labda alasiri. Alasiri hainifai, nikamwambia hivyo kwa sauti ambayo Mama aliisikia akiwa bombani. Nikakaa juu ya tela, mvua imepumzika, nikasema nitamkodi mtu yeyote mwenye kitu chochote chenye injini.

Mwalimu akasema twende na Kobe. Bwawa la chini tu. Boti tutaishusha na kuipandisha kwa kusukuma, vijana hawakosekani. Na si nilitaka kufundishwa? Basi niendeshe mimi, yeye akae kiti chake. Alisema kwa upole, na nilimpenda wakati ule, naandika hilo pia.

Mama naye akasema anakuja. Ameilea boti hii miezi yote, asione inakokwenda kuoga? Akakaa nyuma yangu na mkoba wake juu ya magoti, kando yake sanduku la chupa za sampuli.

Kwenye tambarare nilikwenda vizuri. Mwalimu alikuwa akisema yale yale ya zamani, kioo, kioo, usishike usukani kama unauzuia kukimbia. Kisha ukaja ule mteremko mrefu wa mashine ya kusaga, lami imelowa, inang'aa. Niliweka gia ya pili mapema. Nilisikia tela linatusukuma mgongoni, lakini Kobe alikuwa akilizuia kwa injini, tukishuka taratibu, mguu wangu wa kulia umeinuka, haugusi kitu. Chini kabisa mtu wa baiskeli akaanza kuvuka barabara. Nilimwona. Alikuwa mbali, angevuka na kufika kwake na kuvua koti kabla hatujafika pale.

Halafu gari likabana. Matairi yalishikwa yote kwa pamoja, Kobe akateleza, na kwenye kioo nikaona Mgeni anakuja pembeni kunitazama usoni. Tela lilijikunja, pua ya boti ikapiga mlango wa nyuma upande wa chupa, tukazungushwa mpaka mtaroni. Maji ya mtaro yakawa yanapita chini yetu.

Hakuna aliyeumia. Mwenye baiskeli alisimama upande wa pili akitutazama, hata hakujua alihusikaje.

Mwalimu ndiye aliyesema kwanza. "Nimekufundisha nini? Mteremkoni hukanyagi breki ghafla."

"Sikukanyaga."

"Basi kakanyaga nani? Mama?"

Alimgeukia mama yake. Mama alikuwa anaokota vipande vya chupa kimoja kimoja na kuviweka kwenye mkoba, kichwa chini. Hakusema neno. Nikajua, au nilidhani nimejua, kwamba damu ni nzito kuliko maji, hata maji ya mabwawa matatu.

Pua ya boti ina ufa wa urefu wa kiganja. Taa ya Kobe imevunjika na mlango haufunguki. Chupa zimebaki nusu. Nilikwenda bwawani kwa pikipiki ya kukodi na chupa nne kwenye kapu, nikachota maji ya ukingoni kwa kujinyoosha, nikampigia Mhandisi kumwambia ukweli kwamba ni ya ukingoni. Alisema tarehe kumi na moja haijabadilika.

Jumapili, 22 Machi

Huenda nilikanyaga.

Jumatatu, 23 Machi

Nimekaa kwenye kiti cha jikoni nakanyaga hewa, najaribu kukumbuka mguu ulikuwa wapi. Mguu haukumbuki. Jana nilikuwa na uhakika wa nusu, leo robo. Mtu unayemwamini akikwambia jambo kwa sauti ya mwalimu, mwili wenyewe unaanza kumkubali. Nimeziba ufa wa boti kwa kitambaa na gundi kali, mikono inanuka, turubai limerudi juu. Mwalimu anaondoka mapema, anarudi amechoka, tunasalimiana kama majirani.

Jumanne, 24 Machi

Mama alinikuta nachambua mchele. Nilikuwa nimemnunia tangu Jumamosi, na yeye alikuwa ameniacha ninune. Alivuta kigoda, akachukua ungo mkononi mwangu, akaanza kuchambua yeye, maana mimi huacha mawe.

"Mguu ulikuwa wa mwanangu," alisema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Nilikaa nyuma yako. Yeye alikuwa kando, namwona mzima. Wako sikuuona, wake niliuona. Mguu wake ulikanyaga ile kitu yake ya breki mpaka chini, baiskeli haijafika hata katikati ya barabara."

Nilimuuliza kwa nini hakusema pale pale. Alitupa jiwe dogo nje ya mlango, akawaza. Alisema alikuwa anamngoja mwenye mguu aseme. Mtoto wake si mwongo, hajawahi kuwa. Sasa amegundua kwamba mwanawe mwenyewe hajui. Mguu ule umefanya kazi miaka yote ya kuokoa watu kwenye miti na kwenye kuta, umezoea kwenda bila kumuuliza mwenyewe. Nikimwambia mimi atabisha. Akimwambia yeye mama yake, ataona haya mbele yangu na haya hiyo itakaa humu nyumbani muda mrefu kuliko boti.

"Kwa hiyo nifanye nini, Mama?"

"Nunua gari lako. Lisilokuwa na ile kitu."

Miaka yote niliyoishi naye nilidhani ananihesabia makosa. Kumbe alikuwa anaangalia tu, na aliona kila kitu, cha kwangu na cha mwanawe. Nililia kidogo kwenye mchele, akaniambia utakuwa na chumvi mapema.

Jumatano, 25 Machi

Mvua, mvua. Nimekumbuka jinsi alivyoinama kuangalia sakafu ya pikapu. Siyo harufu. Siyo vipuri.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na sasa siwezi. Anaogopa kukaa kando yangu akiwa hana cha kukanyaga. Na mimi wiki tatu nimekuwa nauliza gari gani lina nguvu ya kuvuta, kumbe kupanda hakujawahi kutudhuru. Swali lilikuwa nani atamzuia Mgeni wakati wa kushuka.

Ijumaa, 27 Machi

Nimekwenda kwa daktari wa mifugo peke yangu. Nikamwomba tufunge tela lake, tupakie mifuko ya chakula cha ng'ombe hadi tela lilalamike, kisha nijaribu.

Alinielekeza barabara ya kupanda. Nikamwambia hapana, nataka ya kushuka. Akaniangalia upya. Wanunuzi wote watatu waliokuja wanataka kuona inavyopanda, alisema, hajaona wa kushuka.

Tulikwenda mteremko ule ule wa mashine ya kusaga. Nilimwomba asiniongeleshe. Gia fupi, mguu wa kulia hewani, pikapu ikashuka kwa mwendo wa mtu aliyebeba ndoo kichwani. Tela lilikuja nyuma limenyooka. Tulipita pale mtaroni ambapo alama zetu bado zipo kwenye matope. Chini nilikanyaga breki kidogo, kwa hiari yangu, na mguu wangu ulikumbuka. Jumamosi ile haukufanya hivi. Nilijua kabisa kabisa.

Nimelipa. Daktari aliipapasa bodi mara mbili, akaniomba nisiipige honi ovyo, haipendi.

Jumamosi, 28 Machi

Mwalimu alikuta pikapu uani, imekaa kando ya Mgeni. Alisema, "Hongera." Akaingia ndani kula. Mama alimwongezea mchuzi.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimekwenda mabwawa mawili, la kati na la chini, mimi na Mgeni tu. Kwenye njia ya zege ya bwawa la chini, vijana wa pikipiki walisimama tayari kusukuma. Pikapu ikapanda bila wao, wakapiga makofi ya kejeli kidogo, heshima kidogo. Sahani inapotelea karibu sana sasa, maji yana rangi ya chai ya maziwa. La juu bado. Barabara yake ni mteremko mmoja mrefu wa udongo hadi ukingoni, na nimeiacha mpaka siku yenyewe. Kwa nini, sijui vizuri. Ninasema ni tope.

Jumatatu, 6 Aprili

Mwalimu amerudi kutoka kazini katikati ya mchana. Alisema hana wanafunzi, lakini nilimwona Kobe ana kibao. Alikaa ndani ya gari uani, kiti anacholipwa akikalie, upande wa abiria, mlango wazi. Nilitaka kwenda, Mama akanishika kanga.

Alhamisi, 9 Aprili

Shemeji amejitolea kuja kesho kutwa na gari lake kunifuata nyuma, "kwa tahadhari, shemeji." Nilimwambia nashukuru, akae na saruji yake. Mwalimu alikuwepo. Safari hii hakusema ndugu ni ndugu. Aliuliza tu tunatoka saa ngapi, na nilikuwa nimeshajibu kabla sijasikia kwamba amesema tunatoka.

Mvua hailali. Wala mimi.

Jumamosi, 11 Aprili

Mama alikataa kuja. Viti viwili, alisema, na yeye hakuzaliwa kukaa nyuma na makasia. Alitusindikiza hadi barabarani, akaugonga ubavu wa boti kwa kiganja na kumwambia Mgeni leo ndiyo siku ya jembe.

Mwalimu alikaa kando yangu, mikono juu ya mapaja. Hakusema kioo, kioo. Tulifika kileleni, pale barabara ya udongo inapoanza kushuka na bwawa lote linaonekana chini, kahawia, na gari la Mhandisi kama punje ukingoni. Nilisimama niweke gia fupi.

"Ngoja," alisema.

Niliweka breki ya mkono. Wipa zilikuwa zinakwenda na kurudi. Alikuwa anaangalia lile kapeti la mpira miguuni mwake.

Alisema kwamba Jumatatu alikuwa na mwanafunzi, mama mmoja mwangalifu sana, na walipofika kwenye makutano gari likasimama, na yule mama akamwuliza, "Mwalimu, mbona umekanyaga, na mimi nilikuwa nimeshasimama?" Akabisha. Kisha akaangalia chini, akaukuta mguu wake pale. Tangu siku hiyo anauangalia. Unakanyaga kwa wanaokosea, unakanyaga na kwa walio sawa, hauchagui.

"Siku ile ulikuwa mguu wangu," alisema. "Nikakusingizia."

Nilikuwa nimelitaka neno hilo wiki tatu. Nilikuwa nimelipangia majibu, mengine makali, mazuri sana. Lilipokuja yote yalipotea.

"Najua," nilisema.

"Mama?"

"Mama."

Akatikisa kichwa polepole, akakaribia kutabasamu. Kisha akainama, akafungua kamba za kiatu cha kulia, kiatu chake cha kazi chenye soli iliyolika upande mmoja, akakivua na soksi yake. Akateremka kwenye mvua kwa mguu mmoja mtupu, akachechemea hadi nyuma, akakitupa ndani ya boti. Aliporudi alikuwa amelowa na tope hadi kifundoni.

"Bila kiatu utahisi wenyewe kwamba pale hakuna kitu," alisema. "Twende, mwanafunzi."

Tukashuka. Gia fupi, mguu wangu hewani, tela limenyooka nyuma yetu. Kwenye kona ya kati mbuzi wawili waliruka barabarani na nikasikia pumzi yake ikikatika. Niliuona ule mguu ukiinuka kwa pembe ya jicho. Ukashuka kwenye kapeti, vidole vikajikunja, akashika goti lake kwa mikono miwili na kuling'ang'ania. Mbuzi wakavuka. Mimi nikapunguza kidogo, kiasi nilichotaka mimi, na hakuna kilichoteleza.

Mhandisi alikuwa amesimama chini ya mwavuli. Nilirudi kinyumenyume kwenye njia ya kushushia, Mgeni akaelea, nikapiga kasia mpaka katikati, Mhandisi akiwa amekaa mbele na koti lake la mvua. Nilichukua chupa za juu na za chini. Sahani ilipotea kabla kamba haijashuka hata urefu wa mkono hadi kiwiko. Aliandika alichoandika, akafunga daftari, akasema wiki ijayo hatakuja, hakuna haja. Kisha akaangalia chini kati ya miguu yake, ambapo maji ya mvua yalikuwa yamejikusanya.

"Hiki kiatu cha nani?"

Mwalimu alimsikia, sauti hupita vizuri juu ya maji. Alikuwa ukingoni, suruali imekunjwa, mguu mmoja una kiatu na mwingine una tope.

"Ni breki yetu ya zamani," alijibu. "Iache humo humo."

Mhandisi hakuelewa na hakuuliza, ni mtu wa vipimo. Mimi ilibidi niinamie makasia, nilikuwa nacheka na machozi yanatoka.

Boti ilipokwisha kufungwa telani, nilimnyooshea Mwalimu ufunguo. Nilidhani angependa, ile barabara sasa ni ya kupanda tu. Aliutazama kwenye kiganja changu, mvua ikiupiga. Kisha akazunguka mbele ya pikapu, akafungua mlango wa abiria, akakaa.